Chaguo namba 1 akiboronga misimu miwili, ni garasa au sisi ndio hatuna subira?

Kijiwe_Charlotte (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Najua humu wengi ni Simba na Yanga, na wachache ni Arsenal wanaojikaza. Leo naomba mnivumilie, naleta mpira wa Wamarekani, ule wa helmeti na mabega ya bandia. Ambaye haumhusu apite kimyakimya.

Jumapili iliyopita tulikuwa kwa jamaa wa Tanga hapa Charlotte, mbuzi yuko kwenye mkaa, watu kama kumi na wawili. Yakaanza maneno kuhusu Bryce Young, kwotabeki wetu wa Carolina Panthers. Yalianza kwa utani, yakaishia watu wawili hawasemeshani mpaka pilau ilipoletwa. Mmoja wao ni mimi.

Kwa wasiojua: kila Aprili timu za NFL, ligi kuu yao, zinagawana vijana waliotoka vyuoni. Hiyo ndiyo drafti, msiichanganye na ile ya vizibo vya soda. Ni raundi saba, na timu iliyoshika mkia ndiyo inayoanza kuchagua. Kwa hiyo ukichaguliwa namba 1, kwa kawaida unakabidhiwa funguo za nyumba inayoungua. Na kwotabeki ndiye anayeupokea mpira shambulizi linapoanza, ndiye anayeamua amrushie nani au ampe nani akimbie nao. Akiwa mbovu hakuna pa kumficha.

Panthers mwaka 2023 hawakuwa wa mwisho. Walikuwa na chaguo la 9. Wakaenda kwa Chicago Bears kununua namba 1, wakatoa hilo la 9, la 61, chaguo la raundi ya kwanza la 2024, la raundi ya pili la 2025, na juu yake DJ Moore, mpokeaji wao bora. Yote hayo kwa ajili ya Young, kijana mfupi wa chuo cha Alabama aliyekwishabeba Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Namba 2, Houston wakamchukua C.J. Stroud.

Mnajua kilichofuata. Stroud alimaliza na yadi 4,108 za pasi, tachidauni 23 (yaani mabao ya kufikisha mpira mwisho wa uwanja), pasi zilizonaswa na wapinzani 5 tu, na tuzo ya mgeni bora wa ushambuliaji, mgeni maana yake mchezaji wa msimu wa kwanza. Wa kwetu tachidauni 11, zilizonaswa 10, akaangushwa chini na mpira mkononi mara 62. Tukashinda mechi 2, tukapoteza 15. Kocha Frank Reich alifukuzwa Novemba. Na kwa kuwa tulishika mkia, lile chaguo la 2024 tulilowapa Bears likageuka kuwa namba 1, wakamchukulia Caleb Williams. Ni sawa na kumuuzia jirani kuku, kesho yake unasikia vifaranga ng'ambo ya ukuta.

Msimu wa 2024 ukaanza, mechi mbili tu, kocha mpya Dave Canales akampiga benchi na kumweka Andy Dalton wa miaka 36. Siku hiyo nilimuuzia jezi yangu namba 9 mwenzangu wa zamu ya usiku, dola 20. Garasa. Nililitamka neno hilo kwa sauti, mbele ya watu.

Halafu Dalton akapata ajali ya gari, akaumia kidole gumba, kijana akarudi uwanjani, na akawa mtu mwingine. Mwaka 2025 akarusha yadi 448 kule Atlanta, rekodi ya klabu. Tukabeba kundi letu la NFC South kwa kushinda 8 na kupoteza 9 (ubingwa wa kichovu, nakubali kabla hamjanicheka), tukaenda kwenye mtoano na Rams, tukatolewa 34 kwa 31 ikiwa imebaki chini ya dakika moja.

Hoja yangu ni hii. Neno garasa tunalibebesha maswali mawili kwa mpigo. Swali la kwanza: je, klabu ilipata thamani ya ilichotoa? La pili: je, huyu kijana anaweza kucheza ligi hii? Majibu hayalazimiki kufanana. Kwa Young, la kwanza nimelifunga, ile biashara ilikuwa mbaya na itabaki mbaya. La pili lilikuwa wazi mwaka 2024 na sisi tukalifunga kwa hasira.

Karibuni. Matusi hapana.

---

Fundi_Bomba

Mkuu, mpira unashikwa kwa mkono, unabebwa kwapani, halafu wanauita mpira wa miguu. Nimeishia hapo. Nawasubiri kwenye jukwaa la Ligi Kuu.

---

Msambaa_Mbishi

Mimi ndiye yule wa pili ambaye hakusemeshwa, kwa hiyo naomba nafasi ya kujitetea.

Mwanzisha uzi ameandika kwa ufundi lakini ameruka kitu. Hakuna anayemwita mtu garasa kwa sababu timu ilifungwa. Tunamwita garasa kwa sababu wenzake wa drafti ileile, wakiwa na shida zilezile za timu mbovu, wanacheza. Houston nayo ilikuwa mbovu. Stroud alikuta nini pale? Kocha mpya, wapokeaji ambao watu walikuwa hawawajui. Akacheza.

Na kila mwaka ni wimbo uleule. Mtu akiboronga, mnatoa jina la Peyton Manning mfukoni: "mbona Manning alinaswa pasi 28 msimu wake wa kwanza?" Sawa, 1998, na rekodi hiyo ya wageni hadi leo inasimama. Lakini namba 2 wa mwaka uleule alikuwa nani? Ryan Leaf. Naye mlimpa muda. San Diego walimvumilia mpaka wakachoka, akaondoka kwenye ligi na tachidauni 14 dhidi ya pasi 36 zilizonaswa. Subira haikumfundisha kurusha.

Garasa ni garasa, kaka. Karata haibadiliki kwa kuishika muda mrefu.

---

Kijiwe_Charlotte

Msambaa, hiyo ya karata uliisema hata Jumapili, na nimeifikiria wiki nzima, kwa hiyo hongera.

Ila umenipa silaha mwenyewe. Manning na Leaf, msimu uleule. Tazama makosa yao, usihesabu tu. Manning alinaswa 28 lakini alirusha tachidauni 26 na yadi 3,739. Alikuwa anaona mtu yuko wazi, anarusha, anachelewa nusu sekunde, wanamnyang'anya. Hilo kosa linafundishika. Leaf alimaliza mwaka na tachidauni 2 na zilizonaswa 15, na kule Kansas City alirusha pasi 15 ikafika moja. Yadi 4. Mchana mzima! Sasa ungekuwa na jedwali la mechi walizopoteza peke yake, Colts ya Manning ilipoteza 13, usingejua nani ni nani.

Troy Aikman naye, namba 1 wa 1989, alianza mechi 11 msimu ule akapoteza zote 11. Cowboys walishinda mechi moja tu mwaka mzima, na hiyo moja Aikman hakuianza. Aliondoka na pete tatu za ubingwa wa Super Bowl, fainali ya ligi.

Kwa hiyo mimi nasema kosa la aina gani, na je, mwaka wa tatu bado ni lilelile?

---

Mama_Mapacha_Ohio

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mimi ni mama tu, wanangu wawili wanacheza timu ya shule hapa Columbus, wote wanacheza ukutani, yaani wale wanene wa mbele wanaomlinda kwotabeki ambao hakuna anayewajua majina mpaka wakosee. Misimu minne ya baridi kwenye viti vya chuma imenifundisha mambo, nami nichangie.

Kwanza hiyo 62, mara alizoangushwa Young. Kocha wa wanangu hupenda kuwaonyesha wazazi mkanda wa mechi, na hutuambia tuwaache wote, tutazame miguu ya kwotabeki tu. Kijana akiwa salama, miguu yake inatulia, anapiga hatua kuelekea anakorusha. Akishaangushwa mara nyingi, anaanza kurusha huku anarudi nyuma hata kama hakuna mtu karibu yake. Mwili umejifunza woga. Hapo hata ukimletea ukuta mzuri kesho, itachukua muda kumtoa huo woga, na wengine hautoki kabisa. David Carr, namba 1 wa 2002, Houston ilikuwa ndiyo kwanza imeanzishwa, akaangushwa mara 76 msimu wa kwanza. Hakuwahi kuwa yule waliyemtarajia. Mimi siwezi kumwita huyo garasa. Alichakazwa.

Lakini Msambaa usidhani nawabembeleza. Kuna kuangushwa ambako ni kosa la kwotabeki mwenyewe. Anakumbatia mpira, anasubiri mtu awe wazi kabisa kama alivyozoea chuoni, na ukuta hauwezi kusimama milele. Caleb Williams aliangushwa mara 68 mwaka 2024, na nyingi mimi nilikuwa napiga kelele sebuleni: achia, mwanangu, achia! Mwaka uliofuata wakaleta kocha Ben Johnson, wakabadilisha watu wa katikati ya ukuta, na yeye mwenyewe akajifunza kuutupa nje. Bears wakabeba NFC North. Nani alaumiwe kwa zile 68? Wote watatu, ndiyo maana msimu mmoja hautoshi kuhukumu.

Kwa Young nakumbuka walifanya jambo la maana mwanzoni mwa 2024, wakamwaga pesa kwa walinzi wa kati, Robert Hunt na Damien Lewis. Kwa kwotabeki mfupi, shinikizo linalotoka katikati ndilo linalomuua, haoni juu ya mabega. Wa pembeni anaweza kuwakwepa.

---

Msambaa_Mbishi

Shikamoo mama. Hapo kwenye miguu nimekuelewa. Sijakubali, ila nimekuelewa.

---

Lubumbashi_Kwetu

Bandugu, mimi ni wa Lubumbashi, Kiswahili chetu mnakijua, leo najitahidi cha shule.

Nashangaa mnaongea Panthers na magarasa na hamjamtaja mtoto wa nyumbani. Tshimanga Biakabutuka, wanamwita Tim. Kazaliwa Kinshasa, akakulia Kanada huko Quebec, akachezea Michigan. Novemba 1995 aliwakimbilia Ohio State yadi 313 katika mechi moja (pole mama wa Columbus). Na Ohio State ile ndiyo iliyokuwa na mkimbiaji Eddie George. Basi drafti ya 1996 Panthers wakamchagua Biakabutuka namba 8, Eddie George akasubiri mpaka 14.

Mwisho wake? George alikuwa mgeni bora wa mwaka uleule. Wa kwetu goti likaumia msimu wa kwanza, baadaye mguu, akamaliza 2001, misimu sita na hakuna hata mmoja aliofika yadi 1,000. Kwenye orodha za Wamarekani za walioangusha matumaini, jina lake huwa linatokea.

Mie hainiingii akilini. Mtu akivunjika, unamwekaje chungu kimoja na mtu mvivu? JaMarcus Russell, namba 1 wa 2007, alikuwa mzima wa afya, mkono kama bunduki, Raiders wakamwacha baada ya misimu mitatu kwa sababu ya uzito na kazi. Huyo mwiteni garasa mpaka asubuhi. Biakabutuka alikuwa na bahati mbaya.

---

Mama_Mapacha_Ohio

Ile mechi huku haitajwi mezani, mwanangu. Tafadhali.

---

Dada_Tandale

Naona mmezunguka sana wakati drafti ya 2018 inajibu kila kitu. Nipo Seattle kwa hiyo mtanisamehe nikiwa na furaha, sijapona tangu Februari.

Makwotabeki watano raundi ya kwanza. Baker Mayfield namba 1 kwenda Cleveland, Sam Darnold namba 3 New York Jets, Josh Allen namba 7 Buffalo, Josh Rosen namba 10 Arizona, Lamar Jackson namba 32 Baltimore, wa mwisho kabisa wa raundi.

Ungeuliza mwisho wa 2018 nani garasa, watu wangesema Allen. Pasi zake zilikuwa zinafika asilimia 52.8, tachidauni 10, zilizonaswa 12, mpira unapita juu ya vichwa vya watu. Mwaka wa pili asilimia 58.8. Mwaka wa tatu 69.2, wakiwa wamemletea mpokeaji Stefon Diggs. Mwaka 2024 akawa MVP, mchezaji bora wa ligi. Hiyo ngazi ndiyo ya kutazama, siyo alipoanzia.

Rosen alipewa msimu mmoja, Arizona wakachagua Kyler Murray namba 1 mwaka uliofuata na kumuuza. Je, alikuwa garasa au alinyimwa nafasi? Timu zote alizopita baada ya hapo hazikumwona wa maana, kwa hiyo jibu unalo.

Sasa Darnold wangu. Jets: mechi 13 kashinda, 25 kapoteza. Oktoba 2019 wakicheza na New England, wakafungwa 33 bila, maikrofoni ikamnasa akiwa benchi akisema anaona mizimu. Dunia nzima ikamcheka, na mimi nilicheka. Akapelekwa huko kwenu Carolina, akaboronga. Akaenda San Francisco kukaa nyuma ya Brock Purdy, aliyechaguliwa namba 262, wa mwisho kabisa wa 2022. Namba 3 anambebea maji namba 262! Halafu Minnesota, wakashinda mechi 14. Halafu kwetu, na tukabeba Super Bowl. Dhidi ya nani? New England haohao wa mizimu.

Mwanzisha uzi, hapa ndipo ninapokubana. Unasema tuwe na subira. Darnold hakuokolewa na subira ya Jets, aliokolewa na kuondoka Jets. Mayfield vilevile, Cleveland walimtema, akapita kwenu pia (nyie Panthers mna shida gani?), Tampa ndiko alikofufuka. Kwa hiyo subira yako ni ya nani? Ya klabu, au ya sisi watazamaji?

---

Kijiwe_Charlotte

Dada Tandale umenibana kweli na sina pa kutokea, ila umethibitisha yale maswali mawili. Kwa Jets, Darnold ni chaguo lililopotea mpaka kesho, hata angebeba pete tano kwingine. Kama mchezaji, hakuwa garasa. Watu wa New York walikuwa sahihi kwenye swali la kwanza na wakadhani wamejibu la pili.

Subira ninayoizungumzia ni ya mdomo, yetu sisi. Klabu haina muda huo.

Sisi Panthers tuna shida gani? Naomba nisijibu.

---

Mhasibu_wa_Usiku

Niongeze upande wa pesa, maana ndipo mambo yalipobadilika na wengi hawajagundua.

Zamani namba 1 alikuwa anaifilisi klabu. Sam Bradford 2010: miaka sita, dola milioni 78, na 50 kati ya hizo ni za uhakika, acheze asicheze. Na hapo alikuwa bado hajagusa hata mpira wa ligi. Mwaka uliofuata sheria mpya zikaja, Cam Newton naye namba 1 akapewa miaka minne, milioni 22. Tofauti hiyo ndiyo ilibadilisha maana ya garasa. Siku hizi huumii mfukoni sana, unaumia muda na machaguo uliyotoa.

Na kuna mtego mwingine. Mchezaji wa raundi ya kwanza, klabu ina haki ya kumwongezea mwaka wa tano, lakini lazima iamue mwanzoni mwa Mei baada ya msimu wa tatu. Yaani kalenda inakulazimisha kutoa hukumu hata kama kijana yuko katikati ya ngazi aliyosema Dada Tandale. Allen, Buffalo walikuwa na jibu wazi. San Francisco na Alex Smith, namba 1 wa 2005, tachidauni 1 na zilizonaswa 11 mwaka wa kwanza, makocha wa ushambuliaji wanne ndani ya misimu minne, wangekuwa na sheria hii wangemwacha, nina uhakika. Akaja kocha Jim Harbaugh 2011, kijana yuleyule, wakashinda 13 na kupoteza 3.

Swali kwa uzi: Young mngemwongezea?

---

Msambaa_Mbishi

Simwongezei. Yadi 448 siku moja, wiki nyingine anarusha kama ana bandeji mkononi. Ngazi ya Allen inapanda, ya huyu ni ya bembea.

Halafu mbona kila mtu anaongelea kwotabeki tu? Vernon Gholston, Jets, namba 6 wa 2008. Kazi yake ni kumwangusha kwotabeki wa wenzake. Misimu mitatu, sifuri. Hakumwangusha hata mmoja. Huyo naye alikosa kocha? Tony Mandarich, mtu wa ukutani, Packers namba 2 wa 1989, wakaacha magwiji Barry Sanders, Derrick Thomas na Deion Sanders waliomfuata mmoja baada ya mwingine. Baadaye akakiri alikuwa anatumia dawa za kuongeza nguvu chuoni. Kuna watu ni magarasa tu, tuseme ukweli.

---

Mama_Mapacha_Ohio

Mandarich alirudi 1996 na Colts akacheza vizuri tu misimu kadhaa. Ila Gholston sina la kumtetea.

Young ningemwongezea. Miguu yake imetulia, nimemtazama. Tangu walipomletea yule mpokeaji mrefu, Tetairoa McMillan, haogopi kurusha mpira wa kugombaniwa.

---

Kijiwe_Charlotte

Na mimi namwongezea. Moyo unasema ndiyo, kichwa kinasema ndiyo kwa sauti ndogo. Msambaa ana haki kwenye bembea, kuna mechi msimu huu nilizima televisheni nikaenda kufua. Ila sioni tena lile kosa la 2023, la kukimbia watu ambao hawapo. Makosa yake ya sasa ni mengine.

Kuhusu jezi, kwa wale walioniuliza pembeni: nilimfuata yule mwenzangu wa zamu ya usiku jana, nikamwomba aniuzie tena. Anataka 60.

---

Msambaa_Mbishi

Mwambie asishuke hata senti.

---

Fundi_Bomba

Nimesoma wote. Hii Super Bowl inaanza saa ngapi?

---

Dada_Tandale

Imeshapita, kaka. Tulishinda.